Watu wazima, maungamo ya watoto

*Foleni za kitubio hujaa kila Juma Kuu. Wengi wanaosimama humo walifundishwa namna ya kuungama mara moja tu maishani, walipojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza.*

Jumatano ya Juma Kuu, saa kumi na moja jioni, pita kwenye parokia yoyote kubwa ya Dar es Salaam, Mwanza au Moshi. Mapadre wageni wamekuja kumsaidia paroko. Ndani ya kanisa nafasi haitoshi, kwa hiyo mmoja amewekewa kiti cha plastiki chini ya mwembe, mwingine karibu na groto la Bikira Maria, wa tatu nyuma ya sakristia. Kila mmoja ana stola ya zambarau shingoni. Ameinamisha kichwa, sikio limeelekezwa kwa anayeungama, macho yako chini.

Mbele yao kuna mabenchi. Anayemaliza akiinuka, benchi zima husogea nafasi moja. Mama mwenye khanga begani anasogea na mkoba wake. Kijana wa bodaboda anasogea na helmeti mapajani. Mtumishi wa ofisi aliyetoka kazini anasogea bila kuinua macho kwenye simu.

Haangalii matokeo ya mpira. Anasoma orodha ya dhambi iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Anaipandisha kwa kidole gumba, anasita mahali, anaendelea. Mbele yake wamebaki watu wanne, na hayo ndiyo maandalizi yake ya mwaka mzima.

Hesabu ya foleni hiyo haihitaji mtaalamu. Tuseme mapadre watatu wamekaa saa tatu bila kunyanyuka hata kunywa maji, na kila muungamaji amepewa dakika tatu. Watapita watu 180. Parokia yenye waumini wazima elfu mbili ingehitaji jioni zaidi ya kumi na moja za namna hiyo, na Juma Kuu lina siku saba tu.

Lakini hata wakiletwa mapadre kumi, shida ya pili itabaki palepale. Wengi walioketi kwenye mabenchi hayo hawajui walitakiwa wafanye nini kabla ya kutoka nyumbani.

Sare ya darasa la nne

Mtoto wa Kikatoliki huungama kwa mara ya kwanza kabla ya Komunyo ya Kwanza. Kwetu mara nyingi anakuwa na miaka tisa au kumi. Kanisa linaruhusu hata mapema zaidi: hati ya Quam singulari, iliyotolewa 8 Agosti 1910 wakati wa Papa Pio X, iliweka umri wa kuanza kutumia akili kuwa yapata miaka saba.

Katekista huwakalisha watoto, akawafundisha maneno ya kuanzia, sala ya kutubu na mifano ya dhambi: kusema uongo, kutukana, kuwakosea wazazi heshima, kudokoa sukari jikoni, kukosa Misa ya Jumapili kwa uvivu. Wanakariri. Siku yenyewe ikifika wanatetemeka, wengine wanasahau sala katikati, padre anawamalizia.

Kwa umri ule ni mafundisho mazuri. Shida ni kwamba mtoto anakua. Anaoa, anakuwa mkuu wa idara, anakabidhiwa ufunguo wa kasha la fedha, anasimamia mirathi ya kaka yake, na orodha yake inabaki ileile. Anaingia kwenye kitubio kama mtu mzima aliyevaa sare ya darasa la nne: vifungo havifungi, lakini ndiyo nguo pekee aliyonayo.

Waumini wenyewe hulisema hili wakiwa wameketi na watu wanaowaamini, baada ya jumuiya au njiani kutoka kanisani. Mtu anakiri kwamba bado huanza na “sikuwatii wazazi” kwa mazoea tu, ilhali wazazi walishazikwa. Mwingine anasema hujikuta hana la kusema, akaongeza “na nyingine nilizozisahau”, akainuka.

> Mtoto anakua, anakabidhiwa ufunguo wa kasha la fedha, na orodha yake ya dhambi inabaki ileile.

Kanisa linadai nini

Mafundisho yenyewe hayajawahi kuwa siri. Katekisimu za Kiswahili zimeyataja kwa vizazi kadhaa kwa mpangilio unaofahamika: kutafuta dhambi moyoni, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama kwa padre, kutimiza malipizi. Matatu ya kwanza yanapaswa kuwa yamefanyika kabla muumini hajapiga magoti. Foleni ikiwa ndefu, hayo matatu ndiyo yanayorukwa.

Kutafuta dhambi ni kazi ya kukaa kimya na kujihoji. Sala za jioni tulizofundishwa na wazee wetu zilikuwa na kituo kifupi kwa ajili hiyo: kabla ya sala ya kutubu familia inanyamaza, kila mtu anakumbuka siku yake ilivyokwenda. Aliyezoea kituo hicho kila usiku hana haja ya kubabaika Jumatano ya Juma Kuu. Siku hizi katika nyumba nyingi saa hiyo ni ya tamthilia.

Kuhusu majuto, Mtaguso wa Trento katika kikao chake cha Novemba 1551 ulifafanua jambo ambalo lingewatuliza wengi kama lingehubiriwa mara kwa mara. Yako majuto kamili, yanayotokana na kumpenda Mungu. Yako pia majuto yasiyo kamili, yanayotokana na kuogopa adhabu au kuchukizwa na ubaya wa dhambi. Haya ya pili nayo yanatosha kumleta mtu kwenye sakramenti. Machozi si sharti, na wala mtu hatakiwi kungoja mpaka ajisikie vibaya vya kutosha.

Kusudi la kuacha ndilo gumu. Kanisa halidai mtu awe na hakika kwamba hataanguka tena. Linadai awe anataka kweli kutoanguka. Mwanamume anayeungama kuhusu nyumba ndogo huku ameshapanga kurudi huko Jumatatu ya Pasaka hajajiandaa, hata kama amekariri sala zote.

Kutoka hadharani hadi faraghani

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Katika karne za kwanza, aliyeua, aliyezini au aliyeikana imani alitubu mbele ya jumuiya nzima, mara moja tu baada ya ubatizo, kwa muda mrefu, akiwa ametengwa na Komunyo. Wamonaki wa Ireland ndio walioeneza Ulaya, kuanzia karne ya 6 na ya 7, desturi ya kuungama faraghani na kurudia kila inapohitajika.

Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano ukaamuru kila muumini aliyefikia umri wa akili aungame walau mara moja kwa mwaka. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 989, imelibakiza agizo hilo kwa wenye dhambi kubwa. Agizo hilo, likifungamana na lile la kukomunika wakati wa Pasaka, ndilo linalojaza mabenchi yetu. Lililokusudiwa kuwa kiwango cha chini kabisa limegeuka kuwa ratiba.

Mwaka 1973, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ikatolewa ibada mpya ya kitubio. Iliweka pia nafasi ya kusoma kifungu cha Maandiko Matakatifu kabla ya kuungama, hata kama ni mtu mmoja na padre wake. Jaribu kulitafuta jambo hilo kwenye foleni ya Juma Kuu. Hulioni, na kwa dakika tatu hakuna wa kumlaumu.

Orodha au Injili?

Hapa ndipo watu wanapogawanyika.

Upande mmoja wako wanaotetea orodha, na aghalabu ni makatekista wazoefu na wazee wa parokia. Hoja yao ina uzito. Kanuni ya 988 inamtaka muumini ataje dhambi zake kubwa kwa aina na idadi, zote anazozikumbuka baada ya kujichunguza kwa makini. Bila kupitia Amri Kumi moja baada ya nyingine, wanasema, mtu ataishia kusimulia. Ataeleza jinsi mume wake alivyo mkorofi, jirani alivyo mchawi na bosi alivyo katili, na padre atakuwa ameungamiwa dhambi za mtaa mzima isipokuwa za huyo aliye mbele yake.

Upande wa pili wanasema orodha ndefu zinazaa magonjwa mawili. La kwanza ni wasiwasi: mtu anatoka kwenye kitubio akarudi tena baada ya nusu saa kwa kuwa kuna kipengele kwenye karatasi amekiruka. La pili ni ubaridi: mtu anaweka alama ya vyema kwenye Amri ya tano kwa sababu hajaua, kisha anapita, huku hajaongea na dada yake tangu msiba wa mama yao.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1454, imechukua pande zote mbili. Inashauri dhamiri ichunguzwe kwa mwanga wa Neno la Mungu, na inataja mahali pa kusoma: Amri Kumi, Hotuba ya Mlimani, na mafundisho ya maadili katika nyaraka za mitume. Mtu akichukua sura ya tano ya Mathayo peke yake, akaisoma polepole jioni moja, ataondoka na mengi kuliko aliyeletewa jumbe kumi za WhatsApp.

Na simu je? Mwaka 2011 nchini Marekani ilitoka programu ya simu ya kumsaidia muumini kujiandaa kwa maungamo, ikiwa na kibali cha askofu. Vyombo vya habari vikavumisha kwamba sasa watu wataungama kwa simu, na Vatikano ikalazimika kukanusha. Msimamo ulikuwa umeshawekwa tangu 2002, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii liliposema kwamba hakuna sakramenti kwenye intaneti. Kujiandaa kwa simu ni sawa kabisa, alimradi kusifanyike mtu akiwa wa tano kutoka mbele.

Dhambi zenye hati ya malipo

Mimi naona mjadala wa orodha unakwepa jambo kubwa zaidi, nalo ni nini kimo kwenye orodha zenyewe. Nyingi zinazozunguka kwenye simu zimetafsiriwa kutoka ng'ambo. Zina maswali mengi kuhusu mawazo machafu na machache sana kuhusu fedha. Maisha yetu, tuseme ukweli, yanaharibikia mahali pengi penye fedha.

Chukua dada wa kazi. Ametoka kijijini kwa ahadi ya mshahara wa kila mwezi. Mwezi wa kwanza akaambiwa asubiri, wa pili akakatwa kwa sababu ya sahani iliyovunjika, wa tatu akaambiwa fedha zake “zinatunzwa”. Mama mwenye nyumba haoni kama ameiba. Anasali rozari kila jioni na binti huyohuyo, wamepiga magoti kwenye mkeka mmoja. Anapofika kwenye Amri ya saba anapita, maana hajawahi kuchukua kitu dukani bila kulipa.

Au mfanyabiashara wa mazao anayemlazimisha mkulima kujaza lumbesa, gunia lililoongezwa kilemba, huku akimlipa bei ya gunia la kawaida. Au mwenye uwezo kule Kagera anayenunua kahawa kwa butura, ingali mtini, kwa bei ya njaa, kwa kuwa mwenye shamba ana mtoto wa kupeleka shule. Au mkopeshaji wa kausha damu anayebeba godoro na jiko la gesi la mjane. Wote hao wana jumuiya, wana namba ya zaka, na wengi wao watakuwa kwenye benchi jioni ile.

Iko pia mirathi. Mume amezikwa Jumamosi, Jumatatu ndugu wamekuja na kufuli. Iko rushwa, ambayo tumeipa majina laini kiasi kwamba hata dhamiri haishtuki. Yako makundi ya simu, mahali mtu anaposambaza picha ya aibu ya jirani kabla ya kifungua kinywa, akaenda Misa ya kwanza.

Mweka hazina wa kikoba anastahili aya yake. Ameazima laki mbili za wenzake, akinuia kurudisha kabla ya mgawo wa Desemba. Hazijarudi. Daftari limerekebishwa kwa kalamu ya rangi ileile. Anaweza kuungama, na anaweza kuondolewa dhambi. Lakini Katekisimu, namba 1459, inasema wazi kwamba ondoleo la dhambi halirekebishi uharibifu wote ambao dhambi imesababisha. Mwenye kukosa anapaswa kufanya linalowezekana kurudisha alichoiba, kusafisha jina alilolichafua, kufidia madhara. Zakayo, katika sura ya 19 ya Luka, hakusubiri kuambiwa kiasi. Aliahidi mara nne.

Maandalizi ya mweka hazina huyo hayawezi kufanyika kwenye benchi. Yanahitaji daftari, kikokotoo na ujasiri wa kuzungumza na wanachama, au walau mpango wa kurudisha kidogo kidogo. Huo ndio ugumu ambao wengi tunaukimbia tunapokwenda kuungama saa za mwisho: tunataka ondoleo bila hati ya malipo.

> Anasali rozari na binti ambaye hajamlipa mshahara, wamepiga magoti kwenye mkeka mmoja.

Miezi sita huko Mushaka

Jirani zetu Rwanda wamewahi kulishughulikia swali hili la kujiandaa na kufidia katika hali ngumu kuliko zote. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi, wafungwa walipoanza kuachiliwa na kurudi vijijini, parokia zilikabiliwa na waumini waliotaka kurudi mezani pa Bwana huku wajane wa watu waliowaua wakiwa kwenye benchi la pili.

Katika Parokia ya Mushaka, Jimbo la Cyangugu, Padre Ubald Rugirangoga hakukubali njia ya mkato. Aliyeshiriki mauaji aliwekwa kwenye mafundisho ya miezi sita kabla ya kurejeshwa kwenye Ekaristi. Humo alifundishwa kuikabili dhambi yake, kuitaja, na kwenda kwa aliyemkosea kuomba msamaha. Walionusurika nao walikuwa na mafundisho yao, kwa sababu kusamehe hakuamrishwi.

Padre Ubald hakuwa akifundisha asichokijua. Mama yake na ndugu zake wengi waliuawa. Alimsamehe aliyehusika na kifo cha mama yake, akawasaidia watoto wa mtu huyo kupata elimu. Alifariki dunia 7 Januari 2021 nchini Marekani.

Si kila dhambi inahitaji miezi sita. Lakini mfano huo unaonyesha kwamba parokia ya kawaida ya Afrika, isiyo na fedha wala wataalamu, inaweza kuwafundisha watu wazima kuungama kama watu wazima ikiamua.

“Padre ananijua”

Wanaokwepa kitubio hutoa sababu nyingi, na moja inarudi kila mahali: padre ananijua, amekula kwangu, atanionaje kesho?

Sheria ya Kanisa imelijibu hili kwa ukali usio wa kawaida. Kanuni ya 983 inaifanya siri ya maungamo kuwa kitu kisichovunjwa kwa sababu yoyote. Padre anayeivunja moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo, na mwenye mamlaka ya kumwondolea adhabu hiyo ni Kiti Kitakatifu. Kanuni ya 984 inakwenda mbali zaidi: mhasibu wa parokia akiungama kwamba amechota sadaka, paroko haruhusiwi kutumia alichosikia hata kumwondoa kwenye nafasi yake. Kwa macho ya dunia inaonekana kichekesho. Ndiyo bei ya siri hiyo.

Siri hiyo ina wapinzani, na hoja yao si ya kubeza. Baada ya kashfa za unyanyasaji wa watoto, mabunge kadhaa yametaka mapadre waripoti wanayoyasikia. Queensland, Australia, ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2020. Jimbo la Washington nchini Marekani lilifanya hivyo Mei 2025, na Julai mwaka huohuo jaji wa shirikisho akaizuia kabla haijaanza kutumika. Wanaotetea sheria hizo wanasema usalama wa mtoto uje kwanza. Kanisa linajibu kwamba mhalifu akijua padre ataripoti hatafika kabisa, na hapo hakuna atakayemwambia ajisalimishe.

Kwa muumini wa kawaida mwenye aibu, dawa ni nyepesi kuliko anavyodhani. Kanuni ya 991 inampa uhuru wa kuungama kwa padre yeyote mwenye kibali anayemtaka. Wakazi wa mjini wanalijua hili siku nyingi. Mtu wa Mbagala anapanda daladala hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Posta, ambako hakuna anayemfahamu. Anayetaka kutoonekana sura ana haki ya kuungama nyuma ya wavu.

Lugha nayo ina nafasi yake. Bibi wa Usukumani au Kagera anajua Kiswahili cha kusalimia na cha sokoni, lakini huzuni yake iko kwenye lugha ya mama yake. Padre kijana ametoka mkoa mwingine. Bibi anaishia kutaja dhambi anazojua kuzitaja kwa Kiswahili. Siku wanapokuja mapadre wageni, jambo la kwanza la kutangaza lingekuwa nani anazungumza lugha gani.

Kwa nini tusiondolewe wote pamoja?

Swali hilo huulizwa kila Kwaresima, na si la kipuuzi. Ibada ya 1973 inayo namna ya tatu, ambapo padre hutoa ondoleo kwa watu wengi kwa pamoja. Kanuni ya 961 inaibana kwa hatari ya kifo au ulazima mkubwa, na inasema wazi kwamba wingi wa watu kwenye sikukuu hauhesabiki kuwa ulazima. Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo II aliikazia katika waraka wake Misericordia Dei. Hata aliyepata ondoleo la namna hiyo anabaki na wajibu wa kuungama binafsi dhambi zake kubwa mapema iwezekanavyo.

Njia ya katikati ipo na inatumika: watu wanakusanyika, wanasikiliza masomo na mahubiri, wanachunguza dhamiri kwa pamoja wakiongozwa, kisha kila mmoja anakwenda kwa padre wake. Ikifanywa vizuri inatatua nusu ya shida, kwa sababu kuchunguza dhamiri kunafanyika kwa utulivu kabla ya foleni kuanza. Ikifanywa vibaya, mahubiri yanachukua saa nzima na mapadre wanabaki na dakika arobaini.

Paroko naye asikilizwe. Ana vigango, ana shule, ana mazishi, ana ujenzi usiokwisha. Kanuni ya 986 inamtaka awe na siku na saa zilizopangwa za kusikiliza maungamo kwa urahisi wa waumini, na wengi hukaa kwenye kiti hicho Jumamosi ya kawaida wakasoma breviari nzima bila mtu kutokea. Papa Fransisko alianzisha mwaka 2014 desturi ya Saa 24 kwa ajili ya Bwana, Ijumaa na Jumamosi kabla ya Dominika ya Nne ya Kwaresima, ili kuwavuta watu mapema. Machi ya mwaka huohuo alionekana na dunia nzima akipiga magoti kuungama kwa padre wa kawaida katika Basilika la Mtakatifu Petro.

Wasiokuwa kwenye benchi

Wapo pia ambao hawapangi foleni kabisa. Wanaume na wanawake walioanza kuishi pamoja kwa sababu mahari haikukamilika au fedha za sherehe hazikupatikana, wakazaa, watoto wakabatizwa, na wao wakabaki nyuma ya kanisa miaka ishirini. Wanachangia, wanaimba kwaya pale wanaporuhusiwa, wanapika kwenye misiba. Kitubio hawakigusi.

Kwa waliooana kanisani kisha wakaachana na kuanza maisha mengine, mjadala uliochochewa na waraka Amoris Laetitia wa 2016 haujapoa, na mapadre hawasomi tanbihi zake kwa namna moja. Lakini kwa hao wasio na kizuizi, waliokwamishwa na gharama, jibu lipo wazi. Ndoa inahitaji padre au shemasi na mashahidi wawili; ukumbi na kadi za mwaliko havimo kwenye sheria ya Kanisa. Parokia zinazofungisha ndoa za pamoja zimewarudisha wengi. Ni aibu kwamba bado kuna familia zinazomzuia kijana kwa sababu eti atawaaibisha akifunga bila tarumbeta.

La kufanya

Jumuiya Ndogondogo, ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele cha kichungaji tangu miaka ya 1970, hukutana kila juma. Kwaresima ina majuma sita. Jioni moja tu kati ya hizo ingetosha kuwafundisha watu wazima kuchunguza dhamiri, kwa maswali ya hapa nyumbani: mshahara wa dada, mizani, mirathi, kikoba, simu. Anayefundisha si lazima awe padre.

Na wewe msomaji usingoje Juma Kuu. Angalia ratiba kwenye ubao wa matangazo wa parokia yako, chagua Jumamosi, na siku chache kabla yake tafuta jioni moja ukae na Injili bila simu. Ukikuta kuna mshahara wa mtu unaodaiwa, mlipe kabla ya Jumamosi hiyo.